Ni Hapo Tu, Naiona

Ijumaa, 15 Agosti 2025. Mtaa wa Tena, Nairobi.

Kesho nasafiri. Kigali. Mimi, niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu ya tofauti kidogo na mwalimu wa hesabu, nitagongewa muhuri mpakani.

Ukweli niuandike hapa, maana hapa hapasomwi na mtu. Anayekwenda kazini ni mke wangu, Wanza. Hakuna fundi anayekata kitambaa kama yeye, Tena na Umoja yote. Karakana moja ya sare za shule imemwita kwa majaribio ya majuma mawili. Wakimpenda, atapewa mkataba wa miaka miwili na nyumba ya vyumba viwili. Mimi namsindikiza.

Kaka yake Mutisya, dereva wa lori, amekuja kutuaga. Akaniuliza mbele ya majirani kazi yangu huko ni gani. Nikasema nakwenda kuchunguza soko. Akasema, "Shemeji, sema tu unambebea dada yangu pochi." Wakacheka mpaka mama mboga akakata kidole badala ya sukumawiki.

Walipoondoka Wanza alinikalisha chini. Safari hii ananigharimia. Lakini akipata mkataba, hatanirudisha Kigali bure. Ama niwe nimepata kazi yangu kule, ama nibaki. Na nyumba hii tunaiachia, kwa hivyo kubaki ni kulala kwenye kochi la Mutisya, tena niamke kila akitaka kutazama mpira.

"Nguo nitashona, Sylvance," akasema. "Mume hashonwi."

Majuma mawili. Mtu wa Eastlands anapata kazi kwa siku tatu, nyingine anapumzika.

Jumatatu, 18 Agosti. Kigali.

Tumepewa chumba mtaa wa Gikondo, ubavuni mwa mlima. Mji wote ni milima. Wanza ameingia kazini mapema, ameniachia ufunguo na onyo. Mpango wangu: kuutembea mji wote kwa miguu. Kazi haiwezi kukupata kama haijakuona.

Ng'ambo ya bonde nikaona maghorofa ya mjini. Ni hapo tu. Kwetu ardhi imelala kama chapati. Ukiiona Umoja, umeshafika Umoja. Nikawaachia wengine barabara yenye mizunguko, nikashika njia ya mkato. Nikateremka. Nikateremka tena. Chini, matete na tope. Viatu nilivyonunuliwa na Wanza kwa ajili ya safari vikageuka rangi. Nikapanda upande wa pili nikihema kama mbuzi wa Krismasi, nikatokeza juu. Mlima mwingine. Maghorofa yako palepale, yananitazama.

Barabarani niliangalia magari upande wa kulia, kama mtu mwenye akili. Huku yanatokea kushoto. Dereva alifunga breki, akaningoja nivuke. Hakunitukana hata kidogo. Nikavuka na tusi langu mdomoni.

Saa kumi nikaiona nyumba yetu. Ile pale, hata shati langu liko kwenye kamba. Nimelifikia shati magharibi.

Ujumbe wa Mutisya: Shemeji, pochi ni nzito?

Jumatano, 20 Agosti.

Biashara. Nimetembea mitaa mitatu sijaona hata mtu mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha kwa mkono. Soko zima liko wazi! Kwetu kila kona ina mayai, kachumbari na kijana mwenye maneno. Nikanunua trei, nikachemsha, nikakata nyanya na vitunguu, nikasimama kwenye njia panda kubwa na beseni la Wanza la kufulia.

Nimeelewa kwa nini hakuna anayeuza. Hairuhusiwi kuuza barabarani. Walikuja askari wawili, wamevaa vizuri, wakanieleza kwa Kiswahili cha polepole na heshima tele. Waliponiacha nilijikuta nimewashukuru. Beseni limekwenda nao.

Tumekula mayai jioni. Wanza aliuliza beseni liko wapi. Nikasema liko kwenye mazungumzo.

Jumatatu, 25 Agosti.

Juma limeisha. Nimetafuta kazi Nyamirambo, ambako Kiswahili kimejaa na chai ni nzuri. Kazi hakuna, ila sasa chai naijua. Nimepotea Kimisagara, nimeanguka kwenye mtaro nyuma ya kanisa, nimeng'olewa soli na ngazi za mawe. Wanawake wa mteremkoni wamenizoea. Wanaweka mikono viunoni, wananyoosha kidole upande wa nyumbani kabla sijauliza.

Leo nimepata wazo lenye mifupa. Chumba cha pili yupo Keynan, kijana wa Eastleigh, kwetu Nairobi, ambaye mkewe Deeqa ni mhasibu wa karakana. Naye kamfuata mke, anashinda kitandani na simu. Nikamwambia mtu hawezi kufika ng'ambo akakaa ndani kama gunia. Nitamtembeza, atanilipa. Baadaye nitawatembeza waume wote waliofuata wake zao. Lazima wapo wengi, wamejificha tu.

Nikamwahidi maghorofa kwa njia ya mkato. Tulizunguka mlima mmoja asubuhi nzima. Tulipopita duka lilelile la viazi mara ya pili, Keynan akasema wanafanana. Mara ya tatu akasema, "Ndugu yangu, huyu muuza viazi ameanza kutupungia mkono." Kisha akamuuliza mtoto njia, akaenda zake. Amefika kabla yangu. Nilimkuta amelala, simu kifuani, uso umeridhika.

Hajalipa. Amesema angemlipa muuza viazi kwanza.

Ijumaa, 29 Agosti.

Madamu Mukandori, mwenye karakana, amempenda Wanza. Mkataba uko mezani, utatiwa sahihi kesho alasiri. Wanza amenieleza huku akikunja nguo zake, kisha akazikunja zangu kando, kwenye mfuko mwingine. Nikautazama ule mfuko. Kochi la Mutisya lina waya uliochomoza katikati, naujua kwa mgongo.

Nimemwambia bado kuna kesho. Akanitazama viatu, akacheka kidogo, akachukua sindano akaishona soli. Amesema kesho asubuhi ni umuganda: Jumamosi ya mwisho wa mwezi maduka yanafungwa na kila mtaa unatoka kufanya kazi pamoja. Atatoka na akina mama wa jirani. Mimi nitoke na wanaume.

Mimi niende kuchimba bure siku yangu ya mwisho ya kutafuta kazi? Hapana. Nina mpango.

Jumamosi, 30 Agosti.

Mpango: kupita nyuma ya nyumba, kuteremka njia nyembamba ambayo hakuna mgeni anayeijua isipokuwa mimi niliyeanguka humo mara mbili, na kutokezea mjini maduka yakifunguliwa.

Niliteremka vizuri. Kwa mara ya kwanza sikukosea hata kona. Nikatokeza nyuma ya kanisa, katikati ya mtaa mzima wenye majembe. Mbele kabisa, ndani ya mtaro, Madamu Mukandori na gambuti zake za mpira.

Akaniuliza nakwenda wapi. Nikasema nilikuwa nawatafuta nyinyi. Akanipa koleo.

Nimechimba. Kazi ya kweli, malengelenge ninayo. Tulipomaliza watu wakaketi kujadili mvua inayokuja: maji hushukia wapi, mtaro upi umeziba. Wakabishana. Mimi mdomo wangu haujawahi kukaa kwenye mkutano ukanyamaza. Nikasema umeziba ule wa chini ya njia nyembamba yenye ngazi za mawe. Wakauliza mgeni amejuaje. Nikasema niliingia humo hadi kiunoni Alhamisi. Na wa karibu na duka la viazi una jiwe. Na pale kwenye ukuta mwekundu njia imekatika, lakini ukipita uani kwa bibi mwenye bata unatokea juu. Bata anauma.

Mzee mmoja alicheka hadi akashika jembe. Madamu hakucheka. Akauliza kama namjua mama anayeishi juu ya nyumba ya yule bibi. Nikasema namjua, ndiye aliyenipa maji na kuniita kipofu.

Kumbe huyo ni mmoja wa washonaji wake. Karakana hukata, kisha vitambaa vinapelekewa akina mama wa mteremkoni wavishone nyumbani. Shule zinafunguliwa, pikipiki hazifiki kwao, na waliotangulia kuifanya kazi hiyo walichoshwa na vilima. Anataka mtu wa kuvipeleka kwa miguu. Atanijaribu mwezi mmoja.

Wanza amesaini mkataba wake. Kisha amechukua ule mfuko, akazirudisha nguo zangu pamoja na zake. Nikaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Aliniuliza kama naumwa.

Nimemwandikia Mutisya: Niite Msafirishaji Mkuu. Akajibu: Kumbe sasa unabeba mifuko, si pochi tena.

Wivu.

Jumamosi, 6 Septemba. Mahali fulani Nairobi, karibu na Njiru.

Madamu alitupa juma moja turudi mtaani Tena kufunga mizigo. Tunaondoka leo. Wanza alisema basi ni saa kumi jioni, nisimchezee. Kilichobaki ni cherehani yake, iliyokuwa kwa shangazi yake, Njiru. Mutisya akasema tuchukue pikipiki. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyotembea watu ambao hawajavuka mpaka. Msafirishaji Mkuu hupita kwa miguu, njia ya mkato.

Kwenda, tulifika. Kurudi nikamwonyesha ya mkato zaidi.

Ni saa tisa na nusu. Mbele yetu kuna machimbo ya mawe, nyuma kuna mto usio na daraja. Mutisya amekalia kichwa cha cherehani, amekataa kusimama. Amenieleza mambo kuhusu ukoo wangu ambayo sitayaandika.

Wanza amepiga simu. Nikamwambia tuko njiani. Akaniuliza ni njia ipi. Nikasema ya mkato. Akacheka, cheko lile la kushona soli, akasema basi letu ni la saa moja na nusu usiku. Saa kumi alinidanganya makusudi. Amenioa mwenyewe, anajua alichookota.

Mutisya alishukuru Mungu kwa sauti, akasema tugeuke tuulize njia.

Tugeuke kwa nini, na muda tumeongezewa? Nimepanda juu ya kifusi cha machimbo. Kuna kanjia kembamba upande wa kushoto ambako hakana nyayo za mtu yeyote, maana yake hakajulikani. Na Tena ile pale, matangi ya maji juu ya paa yanang'aa.

Ni hapo tu.