Saini ya Dokta Bado

Mtu aliyejua kuliko wote duniani kwa nini vitabu hutoka na kasoro aliishi ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, na hakuwa amewahi kuchapisha kitabu hata kimoja. Hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika uchapishaji, mwaka wa sita, na mlangoni alishapachika kibao cha shaba: DOKTA. Shangazi wa mkewe alikitazama, akauliza kama ameshahitimu, akajibiwa bado. Tangu siku hiyo ukoo mzima ukamwita Dokta Bado.

Tasnifu yake ilihusu uzembe mmoja tu: watu kutia saini bila kufungua. Maana ukipeleka kitabu kwa fundi, anakutolea kwanza nakala moja ya kukagua. Unaipekua ukurasa kwa ukurasa, ukiridhika unatia saini kwenye fomu, ndipo anamalizia zilizobaki. Wasiopekua, Dokta Bado aliwachachafya kurasa mia mbili na thelathini. Hakumbakiza mtu!

Chuo nacho kilishachoka. Kilimwandikia kwamba tasnifu ifike Jumatano, aitetee baada ya wiki tatu, na safari hii akikwama jina lake linafutwa. Mkewe, ambaye kwa miaka sita alikuwa anakula sahani ikiwa mapajani kwa sababu meza ya chakula imegeuzwa maktaba, alisema kwa upole kabisa kwamba siku ya utetezi ikipita, ama meza irudi ama yeye arudi kwao.

Jumatano asubuhi akawa kwa fundi wa kujalidi vitabu, katikati ya harufu ya gundi na vipande vya karatasi. Jalada la bluu! Herufi za dhahabu! Alipoliona jina lake linang'aa, machozi yakamlengalenga. Fundi akamsogezea fomu.

"Fungua kwanza, mzee wangu. Ndiyo utaratibu."

"Fundi, huo utaratibu mimi ndiye nimeuandikia tasnifu. Leo unifundishe mimi kufungua kitabu?"

Akatia saini yenye mikia mitatu, akaipigia na mstari chini. Akasubiri nakala nyingine tatu za bluu zimaliziwe, akaondoka kifua mbele. Nakala tatu zilikwenda chuoni, kwa msimamizi wake na watahini wawili. Ya nne aliivisha nailoni, akaiweka juu ya kabati, na ndugu waliokuja waliruhusiwa kuitazama kutoka kwenye kochi.

Fundi alimpigia simu jioni ile ile. Akapiga na kesho yake, na keshokutwa. Dokta Bado akawa anakata tu, akimweleza mkewe kwamba mafundi bwana, wakishajua wewe ni msomi wanataka ushauri wa bure.

Siku ya utetezi ikafika. Mkewe na shangazi walikaa viti vya nyuma, wamependeza. Dokta Bado aliwaponda wazembe wa saini nusu saa nzima bila kunywa maji. Msimamizi akaongezea kwamba yeye ameisoma kazi hii neno kwa neno, na sura ya tatu imemgusa sana. Mtahini wa nje, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akafungua mahali alipokuwa ameweka alama.

"Ukurasa wa arobaini na saba unasema jogoo mmoja anatosha mitetea kumi. Umefikaje hapo?"

Mwenzangu na mimi tungeomba kwenda msalani. Dokta Bado hakukumbuka kuandika jambo kama hilo, lakini pia hakuwa mtu wa kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Akakohoa, akasema hapo jogoo ni mchapishaji, na mitetea ni waandishi. Msimamizi akaitikia kwa kichwa, amevutiwa kweli.

"Na kinyesi chenye damu?"

"Huo ni uhakiki, mheshimiwa."

Kunyonyoka manyoya kukawa mikataba ya waandishi. Banda lenye unyevu likawa ghala la vitabu. Jamaa alinoga, na shangazi akaanza kuhisi labda huyu mkwe ana akili kuliko alivyodhani.

Ndipo mlango ukagongwa. Akaingia fundi, nyuma yake mama mmoja mwenye buti za shambani na kitabu kinene cha bluu. Fundi akaomba radhi. Jumatano ile alikuwa na kazi mbili mezani, rangi moja, unene mmoja, akavalisha majalada vibaya. Huyu hapa ni Mama Kuku, mfugaji aliyeandika mwongozo wa ufugaji. Yeye alifungua kabla ya kutia saini, akagoma.

"Nilidhani labda kuku wako mbele," akaeleza Mama Kuku. "Nikasoma mpaka mwisho nikiwasubiri. Hawakuja. Ila sura ya nne ni ile ile ya pili, imebadilishwa kichwa tu."

Akafunua ukurasa wa mia mbili na kumi, akasoma kwa sauti: mtu anayetia saini bila kufungua asikabidhiwe kutengeneza hata kalenda. Fundi akaitandaza fomu mezani. Ile mikia mitatu ilionekana mpaka viti vya nyuma!

Aibu ilimshika Dokta Bado mpaka masikio yakamwaka. Msimamizi akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Mtahini hakutaka makuu. Mwongozo wa kuku, alisema, umeiva, mwenyewe akauchapishe. Mtahiniwa naye hatafutwa, kwa sababu yeye mtahini hajawahi kuona mtafiti aliyethibitisha hoja yake mwenyewe namna hii. Anapewa miezi mitatu airekebishe sura ya nne, na wa kumsomea atakuwa Mama Kuku. Mkewe akasema miezi mitatu sawa, lakini meza imerudi leo na kibao kinashuka.

Fundi akamletea nakala zake halisi na fomu mpya. Dokta Bado akaishika kalamu, akaiweka chini. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma, kidole chini ya mstari. Watu wakatoka mmoja mmoja. Mlinzi akaja na funguo, akasimama mlangoni.

Nje, simu ya shangazi ikaita. Ukoo ulikuwa unauliza kama Dokta amemaliza.

"Bado," akasema shangazi. "Ndiyo kwanza yuko ukurasa wa kumi na nne."