Malalamiko Kuhusu Uboho wa Mama Yangu

Guangzhou, Novemba 1998

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu, Wodi ya Magonjwa ya Damu,

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako, mimi ni Abubakary, mfanyabiashara wa viatu kutoka Zanzibar, mtoto wa mgonjwa wako Bimdogo, yule bibi aliyepungukiwa damu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kichina changu kinatosha kununua tu, hakitoshi kulalamika. Bi Hasna, anayetutafsiria sisi wafanyabiashara, atakusomea, na nimemwapisha asipunguze makali.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimchoma mama sindano nene kwenye nyonga, mkatoa uboho wa mfupa, tukangoja majibu. Sasa mnasema sampuli ilikuwa kidogo, tena imechanganyika na damu, haisomeki vizuri. Mheshimiwa, sindano aliishika nani? Mama alikuwa amelala ubavu anavuta uradi.

2. Jibu lenyewe mmelitoa hivi: huenda uboho unaanza kuugua, huenda ni upungufu wa vitamini, huenda ni uzee tu, maana uboho wa wazee hupungua wenyewe. Mimi nikipeleka bandari ya Huangpu katoni zilizoandikwa "huenda viatu, huenda masufuria", wakala atanifukuza, na atakuwa na haki.

3. Nilifuata taratibu zote. Pale Zhanxi, kwenye soko la viatu, kila mtu anajua kwamba jibu la kwanza si jibu, ni mwanzo wa mazungumzo. Nikamweleza daktari wako kwa adabu kwamba ugonjwa wa uboho ni mkubwa mno kwa mwanamke wa umri ule, aushushe mpaka kwenye vitamini tumalizane. Akakataa. Nikamshika mama mkono tukaondoka polepole, kama inavyotakiwa, ili atuite. Kwenye lifti hatukuitwa. Tukashuka kwa ngazi, kumpa nafasi zaidi. Tulifika getini mama anahema, akaniambia, "Abu mwanangu, huyu si muuza viatu. Hajui kwa kweli." Niliumia sana. Nimeshakataliwa na kila laobani mwenye duka mtaa ule, lakini hakuna aliyeniacha nifike mbali hivyo na mama yangu.

4. Daktari wako anasema ampe mama vitamini, tungoje, apime damu tena, na isipopanda arudie sindano. Mama anakaribia miaka themanini. Arudiwe sindano kwa kosa gani?

Kwa hiyo naomba mojawapo. Madaktari wote wa wodi wapige kura, tufuate walio wengi. Ikishindikana, chukueni uboho wangu. Mimi nimetoka kwake, ni mzigo wa kiwanda kilekile, tena wa karibuni kidogo. Wangu ukiwa mzima, mpigieni na yeye muhuri wa uzima. Niko tayari kuchomwa nyonga zote mbili. Ninachotaka ni neno moja tu, la uhakika, kabla ya Ijumaa, kwa sababu dada zangu wanapiga simu kutoka Unguja kuuliza mama ana nini, na mimi nimechoka kuwaeleza habari za mvua ya huku.

Nisalimie manesi wote, hasa yule aliyemfunika mama miguu bila kuambiwa, na mzee anayeendesha lifti, na familia yako nyumbani.

Mimi, mwenye kudai haki ya mama yangu kwa utulivu wa kujilazimisha,

Abubakary

N.B. Bi Hasna amepiga simu sasa hivi. Anasema profesa wenu ameitazama sampuli upya, jibu la uhakika limepatikana, twende leo. Nimemwambia teksi hazipatikani. Mama amekunywa uji akamaliza bakuli, yuko mlangoni anacheka na jirani wa Kichina, ingawa hakuna anayemwelewa mwenzake. Mheshimiwa, kama bado kuna uwezekano wa kutojua, hata mpaka mwezi ujao, naomba mtufikirie.