Sabuni ya Mwalimu Kahaso

Hussam alikuwa kwa kinyozi hapo Likoni, povu limemfika masikioni, aliposikia kwamba Mwalimu Kahaso wa Shika Adabu amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza, na kiinua mgongo chake kimeshatoka. Akajipangusa povu kwa mkono wake mwenyewe, akainuka. Kidevu kingengoja.

Kesho yake asubuhi alipiga hodi kwa Mwalimu, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

Akajitambulisha kuwa mjumbe wa chuo kikubwa cha London, nacho kimemteua Mwalimu Kahaso kupewa nishani ya dhahabu. Imebaki ada ndogo tu ya usajili, shilingi elfu sitini. Kisha akammwagia sifa. Kiingereza chake kinatajwa hadi ng'ambo. Sauti yake ni ya redioni. Hata mwandiko wake wa ubaoni, wallahi, hauna mfano.

Miaka yote ile hakuna aliyempa Mwalimu hata kikombe cha asante, na kwa dakika moja, ingawa ni aibu kusema, alitamani iwe kweli. Kisha akaona ule mkoba bado una kibandiko cha bei.

"Soft soap, Mr. Hussam," alisema kwa upole. "Soft soap."

Hicho ni Kiingereza cha kizamani, na maana yake ni: wewe bwana, unanivika kilemba cha ukoka. Lakini Hussam Kiingereza chake alikiokota kwa watalii ufukweni, nacho hakikuvuka salamu na bei. Alisikia neno moja tu, sabuni.

"Inshallah, Madam!"

Jioni akarudi na katoni nzima. Mwalimu akaitazama katoni, akamtazama mgeni, na hapo ndipo alipojua kwamba mjumbe wa London Kiingereza hakijui. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba. Lakini naona you are buttering me up."

Maana yake ilikuwa ile ile. Kesho yake Hussam akaleta makopo sita ya siagi, moyoni akijipa hongera, maana mtu anayepokea zawadi hakosi kulipa ada.

"Ah, Mr. Hussam," Mwalimu akatikisa kichwa, "sasa you are laying it on with a trowel!"

Maana haikubadilika, ila hapa sifa zilikuwa zimepita kiasi. Neno la mwisho lilimshinda Hussam. Akatoka uani, akaiuliza simu, ikamjibu: mwiko wa mwashi. Akainua macho, akaona ukuta wa jikoni umepasuka toka dirishani hadi chini. Kumbe! Mama wa watu ana haya, hasemi wazi.

Akamleta Kyalo, fundi wa Changamwe, na mifuko miwili ya saruji. Siku mbili fundi aliziba, akapiga lipu. Ukuta ulipokauka, Hussam alitoa fomu mkobani.

"Sasa Mwalimu, tumalizane na ile ada."

"Nimefikiri sana, baba. Nishani hiyo mpeni mwingine."

Hussam aliupiga kofi ukuta mpya. "Na sabuni? Na siagi? Na saruji yangu?"

"Nilikuomba nini mimi? Nimekwambia mara tatu kwamba unanidanganya kwa sifa. Tena nimekwambia kwa lugha ya chuo chako."

Kyalo alikuwa amemaliza kunawa. Akaja kusimama mlangoni, na mlango wote ukajaa. "Boss, na yangu mimi?"

Hussam akalipa. Alipobakiwa na noti moja aliaga, akafika barazani, akasita, akarudi. Kitu kilikuwa kinamkereketa kuliko hasara.

"Samahani, Mwalimu. Hayo maneno yenyewe... yanasemwaje hasa?"

"Hayo ni masomo ya ziada. Mia tano kwa saa."

Hussam akaitazama ile noti, akaiweka mezani.

Mwalimu Kahaso alivaa miwani, akamsukumia daftari na kalamu.

"Kaa wima," alisema. "Andika tarehe kwanza."