Mtu wa Iten

Jumamosi, 19 Oktoba 2002
Tumetoka London saa moja asubuhi kwa basi dogo la chuo. Mvua. Tunaenda kambi ya timu ya ski, milimani Wales. Theluji hakuna hata punje! Tutajifunza barabarani kwa ski za magurudumu. Tuko wanane, nafasi za kwenda Norway Januari ni mbili. Moja lazima iwe yangu, kwa sababu nimeshampigia Mama simu Mombasa kwamba nimechaguliwa, naye ametangazia mtaa mzima wa Majengo.

Sina wasiwasi. Siku ya kwanza kocha aliniuliza kama natoka kule kwa wakimbiaji. Nikasema ndiyo, Iten kabisa, mjomba wangu ana medali. Tangu hapo hunishikia mlango.

Tatizo limepanda basi Hounslow. Anaitwa Peris, anasomea uuguzi, mzaliwa wa Kapsabet, jirani na Iten. Alinisalimia kwa Kikalenjin, nami sijui hata neno. Nikajifanya nimelala.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimeanguka mara kumi na moja. Magurudumu hayana breki! Nikamweleza kocha kwamba Iten hatufanyi mazoezi asubuhi. Tunakunywa chai ya maziwa, tunalala mpaka saa nne. Akaandika kwenye daftari. Timu nzima ikarudi kitandani.

Peris alinifuata jikoni, akaniuliza kwa upole nilisoma shule gani huko Iten. Tumeelewana. Yeye atanyamaza, mimi nitamfulia soksi mpaka kambi iishe.

Jumatatu, 21 Oktoba
Kocha kaja na kitabu. Kinasema watu wa Iten huamka saa kumi na moja. Nikasema hao ni wa mtaa mwingine. Akasema basi tufuate mitaa yote miwili. Tumekimbia mlimani gizani, mimi mbele kama mwalimu. Kila nikikosa pumzi nilisimama kuwaonyesha mandhari. Kondoo walinipita.

Soksi za Peris, jozi nne.

Jumanne, 22 Oktoba
Nimepata akili! Kocha aliona kwenye televisheni mabingwa wakinyweshwa mursik uwanja wa ndege. Akaniuliza kama naweza kuitengeneza. Nikasema nimelelewa nayo. Nikawa muhimu papo hapo. Mtu muhimu haachwi London, hata kama hajui kusimama kwenye ski.

Ninachojua ni kwamba ni maziwa ya kugandisha yenye mkaa. Nimechukua lita sita za maziwa na mkaa uliobaki wa kuchomea nyama. Kibuyu hakuna. Nimetumia ndoo ya kudekia, lakini niliisuuza. Nimeiweka karibu na hita.

Jumatano, 23 Oktoba
Wote wamekunywa kikombe kizima kwa heshima. Kocha viwili. Mimi nilisema mila hairuhusu mtengenezaji kunywa. Peris, aliyekuwa ameiona ndoo karibu na hita, alinusa chake, akakimwaga kwenye sinki.

"Wewe Matar," akaniambia, "kwetu hii hata ndama hapewi."

Kufikia jioni foleni ya choo ilikuwa imefika kwenye ngazi. Niliwaonea huruma, kwa kweli. Nikawapelekea maji. Halafu nikapiga hesabu. Mchujo ni kesho, wazima ni wawili, na nafasi ni mbili!

Alhamisi, 24 Oktoba
Kilomita tatu. Kocha alitazama dirishani, kajifunika blanketi. Peris alimaliza kwa dakika kumi na mbili. Mimi arobaini na moja, nusu ya njia nikiwa nimebeba ski begani. Lakini nilimaliza! Kocha akanipa mkono, akanipongeza kwa sauti ya mgonjwa. Nililia, sitaki kudanganya.

Furaha ikanizidi. Ndani ya basi nikamrudishia Peris soksi zake zikiwa chafu, nikamwambia kambi imekwisha, afue mwenyewe. Akanyanyuka, akaenda kuketi karibu na kocha. Walizungumza mpaka Hounslow.

Jumapili, 27 Oktoba
Nimetolewa. Kocha hakugomba. Alisema mchujo utarudiwa watu wakipona, nami nisisumbuke kuja. Iten angeweza kuisamehe, alisema, ila ile ndoo hapana.

Leo limefika koti. Mama kalitafuta sokoni Kongowea, la sufu, zito, akampa jirani aliyekuwa anasafiri. Mfukoni kaweka karatasi: nivae nikiwa Norway, nipige picha nimtumie. Nimelivaa jikoni, likanibana makwapa, nikaona vibaya sana. Nimemdanganya mama yangu. Nikachukua simu nimwambie yote, bila kubakiza.

Simu ikiita, nikamkumbuka yule nahodha wa timu ya chuo ya kupiga makasia. Ijumaa aliniuliza natoka wapi. Nilimjibu Mombasa, ukweli mtupu. Nikaongeza kidogo tu, kwamba nilijua kasia kabla ya kutembea. Mimi, ambaye hutapika kwenye feri ya Likoni hata kabla haijaondoka! Kasema nifike Jumatano.

Mama akapokea. Nikamwambia koti limenikaa vizuri sana, ila mipango imebadilika kidogo, sasa anitafutie lisiloingiza maji.