Yah: Ushauri Wenu Kwamba Wageni Wangu Waende Hispania

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Safari,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi mahali pasipopakana na chochote. Sisi huku hatujambo, habari ambayo najua itakushangaza.

Jina langu ni Wisal Nawafleh, ingawa wengi huniita Mama Saif. Nilifundisha jiografia katika shule ya wasichana hapa Wadi Musa mpaka nilipostaafu, na tangu mume wangu afariki naendesha nyumba ya wageni kwenye mteremko wa kuelekea Petra. Nyumba yenyewe si kubwa. Ina paa zuri la kunywea chai, ina shemeji yangu Mutaz anayekwenda kuwapokea wageni uwanja wa ndege, na ina mpishi, Ghusun, ambaye bila yeye tungekuwa tunauza vitanda tu. Nakuandikia kulalamika. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nitalalamika kwa namba ili usipotee njiani.

1. Mwezi wa tano mlichapisha swali la msomaji aliyejiita "Mwenye Wasiwasi". Yeye na mkewe walikuwa wamepanga kuja Jordan kusherehekea ndoa yao, na jirani kuna vita. Waende, wasiende? Mwandishi wenu akajibu kwamba Jordan yenyewe ni shwari, watu wake ni wakarimu, na serikali yenu haijakataza safari. Kwa hiyo wasiende. Akaongeza kwamba kusini mwa Hispania kuna jangwa lenye "ladha ileile".

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi nikitafuta njia inayotoka sentensi ya kwanza kufika ya mwisho. Mwanafunzi wangu angeniandikia hivyo, ningemrudishia daftari na kumwita mama yake.

Huyo Mwenye Wasiwasi namfahamu. Ni Bwana Nigel Thackray, wa kaskazini mwa Uingereza, na kabla ya kuwaandikia ninyi alikuwa ameshanipigia simu mimi hadi sikio likawa la moto.

"Mama Saif, hivyo vita viko umbali gani kutoka hapo kwako?"

Nikamwambia kwa gari ni safari ya nusu siku, na ukimkuta askari wa mpakani hajanywa kahawa yake, ni siku nzima.

"Vinasikika chumbani?"

"Vya huko havisikiki. Ukitaka chumba chenye vita nitakupa kile kilicho jirani na jiko. Utawasikia Ghusun na Mutaz wakigombania chumvi."

Hakucheka. Akauliza kama kombora linaweza kukosea njia. Nikamjibu kwamba nimeishi hapa tangu kuzaliwa, na waliowahi kukosea njia wakaishia mlangoni kwangu ni watalii wa hoteli ya chini. Akashukuru kwa upole, akakata simu, akaja kuwauliza ninyi. Watu ambao hamjawahi hata kunywa maji ya mji huu.

2. Baada ya jibu lenu wageni wangu wote walivunja safari, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiniambatishia ukurasa wenu kama cheti cha daktari. Waliandika kwa mapenzi makubwa. Mama mmoja aliniambia ananiombea. Nilimjibu kwamba sala zake nimezipokea, ila hazilali kitandani na hazili kifungua kinywa.

Mutaz sasa anabeba nyanya kwa lile gari la wageni. Anasema nyanya ni abiria wazuri, hawaulizi maswali. Anasema hivyo akicheka, kisha anakwenda kukaa peke yake juu ya paa na sigara, na mimi najua anapiga hesabu za kwenda kutafuta kazi nchi za Ghuba, na wanawe wangali wadogo.

Rahaf, binti aliyekuwa akitutandikia vyumba, nilimwambia akae kwao mpaka nitakapomwita. Nilimfundisha darasani huyu. Akasimama mlangoni ameshika kitambaa chake cha kufutia vumbi.

"Nimekosa nini, mwalimu?"

Umekosa kuchagua majirani, mwanangu. Ndivyo nilivyotaka kumjibu. Nilimjibu kwamba hajakosa kitu, na akaondoka akidhani nimemficha.

3. Tukizungumzia majirani. Mwandishi wenu anaandika kana kwamba sisi tulitembea tukaona vita, tukapenda mandhari, tukajenga pembeni. Naomba nimkumbushe somo la kidato cha pili. Mipaka ya huku hatukuichora sisi. Ilichorwa na mabwana wa kwenu na rafiki zao, kwa rula, na ukiitazama baadhi ya mistari utaamini kwamba ilichorwa baada ya chakula kizito. Kwa hiyo majirani tulio nao tuliwapata kwa hisani yenu. Kama mmegundua leo kwamba hawafai, rula mnayo. Naomba mtuhamishie karibu na Nyuzilandi. Mutaz anasema yeye angependelea Brazili, lakini hilo tutalimaliza wenyewe kifamilia.

Aidha, ndege za kivita za nchi yenu nimezisikia zikipita juu ya nguo zangu nilizoanika, zikielekea hukohuko mnakowaonya watu. Sisi tunapakana na vita, ninyi mnavitembelea kikazi. Nieleze basi, Ndugu Mhariri, kwa kanuni gani ya jiografia anayepakana ndiye hatari na anayetembelea ndiye salama?

4. Sasa nafika kwenye lalamiko kubwa, nalo linamhusu Bi Beryl, mke wa Bwana Thackray. Alikuja.

Alikuja peke yake. Mutaz alimtoa uwanja wa ndege akamleta amekaa mbele, nyuma kuna makreti ya nyanya. Akashuka na begi moja na kofia kubwa ya majani.

"Mzee yuko wapi?" nikamuuliza.

"Amebaki. Anasubiri mambo yatulie." Akavua kofia. "Nimeolewa naye miaka arobaini, mama. Hayajatulia hata siku moja. Chai ipo?"

Nilimpenda palepale, nami si mtu wa kupenda wageni ovyo.

Ningeweza kuijaza barua hii kwa habari za Bi Beryl. Alipanda ngazi zote za kwenda Deir, lile jengo lililochongwa mwambani juu kabisa ya Petra, kwa magoti yale mabovu, punda wakimpita, akiwajibu wenye punda wote kwamba asante, anafika. Jioni alikuwa hakai juu ya paa kama mgeni, alikuwa anashuka jikoni kwa Ghusun. Kiarabu chake kilikuwa cha maneno matatu, Kiingereza cha Ghusun kilikuwa cha redio, mimi nikawa mkalimani. Walikuwa wanafunga wali ndani ya majani ya mzabibu siku Bi Beryl alipouliza, akiwa anatazama mikono yake:

"Ghusun, hukuogopa kuja kuishi hapa, karibu hivi na vita?"

Nilitaka kutolitafsiri swali hilo. Ghusun ni mtu wa Dar'a, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Alivuka kwa miguu zamani vita vya kwao vilipokuwa vimewaka, mtoto mgongoni, mumewe akiwa amebaki nyuma, na hakuonekana tena. Lakini Ghusun aliona uso wangu, akanilazimisha.

"Sema, Mama Saif, anasemaje?"

Nikamwambia. Akaweka jani lake vizuri chunguni, hakukasirika hata kidogo.

"Mwambie mimi nilitoka ndani yake. Kwangu mimi, hapa mnapopaita karibu ndipo mbali penyewe."

Bi Beryl akaliweka chini jani lake. Kisha akasema jambo ambalo naomba mwandishi wenu alibandike ukutani kwake. Alisema, "Kumbe mlango ni mmoja. Sisi tunaukimbia, na wao wanaukimbilia."

Hapa naweza kumaliza nikawa nimeshinda kesi. Lakini nilifundisha kwa muda mrefu, na siwezi kuwaficha kilichotokea.

Wiki ileile, alasiri, nilikuwa juu ya paa naanua mashuka. Mbingu ikapiga kishindo ambacho sijawahi kukisikia, kisha kingine, na vioo vya madirisha vikaitika mji mzima. Makombora yalikuwa yanapita juu kabisa, hawa wakiwapelekea wale, na mengine yakatunguliwa njiani. Watoto wa jirani walipanda mapaa na simu zao kupiga picha. Nikawafokea washuke, nikashuka mimi mwenyewe mbio huku nimekumbatia mashuka kama mtu anayeokoa mali.

Jikoni sinia lilikuwa sakafuni na makluba yetu imemwagika, wali kila mahali. Ghusun hayupo. Nikamkuta chini ya ngazi, amejikunja, amejifunika kichwa kwa mikono, anamwita mwanawe kwa jina alilokuwa akimwita alipokuwa mchanga. Na Bi Beryl amekaa naye kwenye vumbi, amemshika mkono.

Simu ya Bi Beryl ikalia. Alikuwa Bwana Thackray, ameona habari.

"Beryl! Nilikwambia mimi! Toka huko sasa hivi!"

"Siwezi, Nigel. Nimeshika mkono wa mtu."

"Wa nani?"

"Wa mpishi. Piga baadaye."

Anga ikafungwa kwa siku kadhaa. Kipande kimoja cha chuma kilianguka shambani kwa mtu, mbali na sisi, kikaua mbuzi. Bwana Thackray alikuwa anapiga kila jioni. Siku za kwanza alipiga kumkumbusha mkewe kwamba alimwonya. Baadaye akaanza kuuliza wamekula nini. Baadaye akawa anataka simu apewe Ghusun, ambaye haelewi anachosema, amsalimu tu. Anga ilipofunguliwa Bi Beryl hakuondoka, akasema amebakiza kujifunza bamia. Siku aliyoondoka, Ghusun alimfungia zeituni nyingi kiasi kwamba Mutaz alimtania, "Dada Beryl, hiyo ndege itapaa kweli?"

Mwezi uliofuata Bwana Thackray akanipigia mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Saif, naomba chumba. Mimi na Beryl. Mnacho?"

Nyumba nzima ilikuwa tupu. Panya wangeweza kucheza mpira.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwamba sisi wenyewe tunawakaribisha Waingereza, ni watu wema, na hakuna sheria inayotukataza. Ila kwa upande wake hali bado haijaeleweka, na angesubiri kidogo atulie. Bi Beryl aje. Nikamsikia mkewe nyuma yake anacheka mpaka anakohoa.

5. Hispania. Sina la kuongeza.

6. Kwa sababu hizo zote, naomba gazeti lenu litekeleze yafuatayo.

Moja, mchapishe ushauri kama huohuo kuhusu mji wenu, ambao nitauandika mimi bila malipo. Nitasema ni mji shwari, watu wake wana adabu, ila Bi Beryl ameniambia mnachemsha mboga mpaka zinasahau zilikuwa mboga gani, na kwamba mtu anaweza kuishi mtaa mmoja na jirani yake asimjue jina hadi anazikwa. Mwenye moyo mwepesi asiende.

Mbili, kila anayewauliza kama nchi fulani ni salama kwa likizo, mmuulize naye kama yeye ni salama kwa nchi hiyo.

Tatu, mwandishi wenu aje akae kwangu mwezi mzima. Atalala chumba cha jirani na jiko. Atapewa kazi ya Rahaf, kwa sababu Rahaf hataki tena kazi inayokwisha kwa sababu ya gazeti, anasomea uuguzi. Na siku mbingu ikipiga kishindo, atakaa chini ya ngazi na Ghusun, amshike mkono, halafu ndipo aandike neno "wasiwasi". Ruhusa ya kuliandika nitampa mimi.

Nne, mzuieni Mutaz asiende Ghuba. Hili najua haliko ndani ya uwezo wenu, lakini nimeliweka kwa sababu mlifanikiwa kumfikisha hapo bila hata kumjua, na huenda mkiamua mnaweza pia kumrudisha.

Nisipojibiwa nitaandika tena, na wanafunzi wangu wa zamani watakwambia kwamba sichoki.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, yule anayefungua barua na yule atakayeitupa hii. Nisalimie mwandishi wa ukurasa wa safari, mke wake kama anaye, na watoto kama anawaruhusu kutoka nje. Mutaz anakusalimu. Mama yake Mutaz anakusalimu, ingawa nimemweleza habari zako na ametikisa kichwa. Karibuni nyote kama wageni, isipokuwa mmoja, anayekuja kazini.

Niliye na haki ya kukasirika,

Wisal Nawafleh (Mama Saif)
Wadi Musa

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Ghusun amepata habari kwamba nyumba ya mama yake huko Dar'a bado ina paa, na mama yupo, na tini zimeiva. Anataka kwenda kuwaona wiki moja kisha arudi, na anang'ang'ania twende wote. "Hujawahi kupumzika tangu baba Saif afariki," ananiambia. "Mama yangu anataka kukuona. Ni likizo tu, Mama Saif." Nimemwambia hali ya huko bado haijatulia, na hata jirani zao hawajatulia. Akauliza nani kasema. Nikasema wanasema. Akasema, "Mama yangu anaishi huko, na yeye anasema njooni." Nikamjibu kwamba mama yake atasema hivyo kwa sababu anamtaka mwanawe, na kwamba pale ng'ambo ya bonde kwetu pia kuna tini. Tangu asubuhi hanisemeshi, na bamia ya leo haikuwa na chumvi. Ndugu Mhariri, ninyi mna watu wanaofuatilia mambo haya. Naomba mniambie kwa siri, msichapishe: niende, nisiende? Gari linaondoka Alhamisi, na ameshaanza kunikunjia nguo.