Gari Lililofika Mwera Bila Tope

Umma ulitangaziwa, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti viwili, kwamba Idara ya Usafiri Wenye Hadhi imeunda Kamati Shirikishi ya Tathmini ya Umbo na Mwenendo wa Gari la Familia la Ukubwa wa Kati. Gari likifaulu, litapelekwa zahanati ya Mwera kubeba wagonjwa. Zahanati ilikuwa imeomba gari lolote lililoinuka juu, lisiloshikwa na tope. Idara ikaona heri iwape kitu kizuri kuliko walichoomba.

Manase, dereva kwa miaka kumi na minne wa Tahiri, Mwenyekiti wa Kamati hiyo, alilitazama gari mara moja tu. Jeupe, linang'aa, viti vingali kwenye nailoni, na tumbo liko shubiri moja kutoka ardhini. Akamfikiria binti yake Benedikta, mwalimu huko Mwera, mwenye mimba ya miezi minane. Mwezi uliopita jirani yake Benedikta alikimbizwa kujifungua kwa bodaboda, mshikaki, kabanwa katikati ya dereva na nesi. Mtoto akazaliwa njiani, minazini. Manase akiikumbuka habari hiyo, roho humuuma.

"Mheshimiwa," akasema, "hili kwa lami, sawa. Njia ya Mwera masika hii, litalala huko huko."

"Manase, wewe ni mjumbe?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi usitutilie mchanga kwenye kitumbua."

Kazi ikaanza, na hakuna atakayesema haikuwa ya kitaalamu. Buti lilipimwa kwa madafu thelathini. Buti likafaulu, madafu hayakuonekana tena. Honi ilipigwa mbele ya mjumbe wa maadili, naye akaikuta ina adabu. Mwendo ulipimwa kwenye lami, kutoka ofisini hadi Raskazone, ambako wajumbe walilazimika kula pweza ili injini ipoe. Kila tuta lilikwangua tumbo la gari, na taarifa ikaandika kwamba gari lina tabia njema ya kusalimiana na matuta. Kuhusu wagonjwa, mjumbe mmoja mfupi alijilaza kiti cha nyuma, akapitiwa na usingizi kabisa. Ikapendekezwa wajawazito wakunje miguu.

Ikabaki Mwera kwenyewe. Siku tatu kabla ya makabidhiano mvua ilinyesha bila kupumua. Mwenyekiti akatafakari, akapata jibu: gari lipakiwe kwenye lori, lishushwe nyuma ya kilima cha mwisho, kisha liingie kijijini kwa magurudumu yake yenyewe. Taarifa ingesema kweli tupu, kwamba limefika.

Likafika, jeupe kama kanzu ya Idi, Mwenyekiti ndani akipunga mkono. Nyuma yake likaja shangingi lake, lile gari refu la wakubwa, Manase kwenye usukani, tope hadi vioo. Siku zote Manase husimama kwenye kisima cha mwisho akalisugua gari la bosi kabla ya shughuli. Ndiyo sheria ya kwanza ya kuendesha wakubwa. Siku hiyo alikipita kisima akipiga mluzi.

"Hukuosha gari?" Mwenyekiti akamnong'oneza kwa hasira.

"Nimesahau, mheshimiwa. Uzee."

Mgeni rasmi, Bi Praxeda wa makao makuu, alikuwa amelala Ushongo, pwani upande wa pili wa kijiji, tangu jana yake. Aliisoma taarifa yote, akayazunguka magari mawili, akapitisha kidole kwenye moja, akakifuta.

"Mwenyekiti, yote yamepita njia moja?"

"Njia hiyo hiyo, mheshimiwa!"

"Hili halina hata doa. Na hilo lako?"

Mwenyekiti akaanza kufuta tope la shangingi kwa leso.

"Limeteseka, maskini," akasema Bi Praxeda. "Kiongozi anayezunguka hivi hafai kupewa gari dhaifu. Hili jeupe, kwa tathmini yako mwenyewe, linapita kila mahali, masika na kiangazi. Chukua wewe. Hilo chafu libaki zahanati, na dereva wake abaki nalo."

Mwenyekiti akafumbua mdomo. Neno "lori" likamkwama kooni kama mwiba wa changu. Kijiji kizima kilikuwa kimechungulia kutoka kilimani, kimeliona lori. Kijiji kizima kikanyamaza, kisha kikapiga vigelegele. Benedikta alicheka huku ameshika tumbo, na baba yake akageuka upande asionekane anafuta macho.

Mwenyekiti aliondoka mwenyewe kwenye usukani, wingu limetanda. Gari likapanda kilima kwa hadhi, likashuka upande wa pili, na baada ya hapo hakuna aliyelisikia tena isipokuwa honi, mara tatu, yenye adabu.

"Mzee Manase," akasema Nesi Mwatumu, funguo za shangingi mkononi, "tukamvute?"

Manase akafikiri kwa makini, kama mjumbe.

"Gari hili ni la wagonjwa, nesi, na yule ni mzima. Viti vyake vimeshafanyiwa tathmini. Akunje miguu, alale."