Ombi la Kurudishiwa Ufalme wa Ghorofa ya Tatu

Ghorofa ya Tatu,
Karibu na uwanja wa mbio za farasi,
Greyville, Durban.
Agosti 1998

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wa Wasemaji wa Kiswahili,

Pokea heshima zangu, na pole kwa kazi ya kutupatanisha kila Jumapili. Naitwa Gustave. Nilifundisha historia ya Ulaya huko Bukavu mpaka vita vilipotutawanya. Hapa Durban ninalinda magari kwenye egesho lililo chini ya dirisha letu. Nakuandikia nikiwa mtu aliyepinduliwa.

Jina langu ndilo lililo kwenye mkataba wa nyumba. Mimi na mke wangu Henriette, ambaye ni msusi, tulimkaribisha binamu yangu Papy, anayefanya kazi kwenye duka la simu. Kisha tukamkaribisha Machano, Mzanzibari anayeuza vitenge. Na Clementina, binti wa Kitanzania anayesomea fizikia chuoni. Bafu ni moja, televisheni moja. Mwanzoni kila asubuhi palikuwa na vita mlangoni pa bafu, na siku moja Machano alipigwa ndoo ya uso. Hapo nikakumbuka somo langu mwenyewe: Mwingereza mmoja wa zamani, baada ya kuona nchi yake ikichinjana, alisema watu wasio na mtawala mwenye nguvu zote hutafunana kama fisi. Nikatangaza ufalme, na vita vikaisha siku hiyo hiyo.

Nikawa naoga wa kwanza. Nilipoamka, raia walipanga mstari kunisabahi, kama alivyosabahiwa Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, aliyefananishwa na Jua. Nami nilikuwa Jua jema. Sikumfunga mtu, na Ijumaa niliwaachia hata televisheni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sayansi imeingizwa bafuni. Nyumba za huku zina mtambo wa maji moto ambao wenyeji huuita giza, ingawa una taa nyekundu. Niliwaelimisha raia kwamba maji hupata moto kwa heshima ya mfalme, ndiyo maana Machano, aogaye mwisho, hukuta yamepoa. Clementina hakubisha. Aliniomba kwa adabu nibadilishane zamu na Machano. Nikakubali, maana ukweli hauogopi. Machano alitoka bafuni akiimba. Mimi nilitoka nikitetemeka. Nikamwonya yule binti kwamba anapingana na mtu aliyewekwa na Mungu. Akanijibu, "Shikamoo, Baba. Mimi sibishani na Mungu. Nabishana na maji tu."

2. Papy alinunua darubini ya kutazamia farasi kutoka barazani kwetu. Farasi hawakimbii kila siku, kwa hiyo akaigeuzia egesho. Akaniona nikikimbia nyuma ya gari dogo jekundu, mkono juu, nikimwambia mama aliyeliendesha, kwa shukrani ya walinzi wa huku, "Sharp, bosi! Sharp!" Ndugu Mwenyekiti, yule Mtaliano wa kale mwenye darubini aliposhikilia kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, Kanisa lilimfungia nyumbani kwake. Papy hakufungiwa popote. Alisimama mezani mbele ya fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu, akatangaza, "Tumechunguza mbingu. Jua yetu iko inazunguka magari!" Wakacheka hadi chakula kikapoa. Henriette naye alicheka.

3. Machano, ambaye sijui amesoma wapi mambo haya, alidai kwamba mtawala huwekwa kwa makubaliano ya watawaliwa, na akivunja makubaliano huondolewa. Nilimjibu kwamba mimi sikukubaliana naye lolote. Nimetia saini na mwenye nyumba, mzee akaaye mtaa wa Sydenham, ambaye hatumwoni lakini yu juu yetu sote, na ndiye aliyeniteua. Hoja hiyo haina ufa. Machano akampigia simu. Mwenye nyumba akauliza, "Gustave yupi?" Kisha akasema hajali nani ni mfalme, mradi tusifuge kuku.

4. Baada ya mbingu kunikana, waliketi jikoni wakajiita Bunge. Bafu likapewa Clementina, televisheni Papy, jiko Machano. Nikamgeukia Malkia wangu anitetee. Henriette akaweka kitana chini, akasema, "Papa Gustave, mi niko bibi yako, siko raia yako. Hata siku moja hukuniuliza kama nataka umalkia." Nilitafuta mfano wa Ulaya wa kumjibu. Nilifundisha historia ya Ulaya miaka mingi, lakini mfano huo sikuupata. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Huniwekea sahani mezani na kwenda zake, na kimya chake, Ndugu Mwenyekiti, ni kibaya kuliko maji ya baridi.

5. Nilipokataa kuachia rimoti, walinishtaki. Kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyewasimulia jinsi Waingereza walivyomkata mfalme wao kichwa, walitoa hukumu hiyo hiyo. Nikakata rufaa. Rufaa ikaipunguza adhabu hadi nywele. Henriette alininyoa kipara kwa mashine ya saluni, bila neno, na sasa magari yananipita bila kunitambua.

Kwa hiyo naomba Umoja uje Jumamosi, ulivunje Bunge, uinyang'anye sayansi darubini yake, na unirudishie ufalme wote bila kupunguza hata bomba. Ikishindikana, naomba wigi. Wafalme wa Ulaya walivaa, na heshima yao ilirudi.

Nisalimie kamati nzima, Mama Élisabeth mweka hazina, na umpe pole mzee Protas kwa mguu wake unaouma.

Wako katika utii, ingawa utii ndio nilioukosa,

Gustave
Mfalme wa Ghorofa ya Tatu (uhamishoni barazani)

Tanbihi: Usije Jumamosi. Hivi punde Papy na Machano walipigilia msumari wa antena, ukatoboa bomba ukutani, na maji yameshukia kitanda cha jirani wa chini, mama Mzulu mwenye mabega mapana. Amefika mlangoni na ufagio akiuliza bosi wa hapa ni nani. Bunge lote, na sayansi yake, limepiga magoti na kunyoosha vidole barazani likisema, "Mfalme wetu ni yule pale!" Tafadhali chana barua hii. Hapa kwetu hakuna mfalme wala hajapata kuwapo. Binadamu wote ni sawa, hasa mbele ya ufagio. Namalizia nikiwa ndani ya kabati la nguo. Henriette ndiye aliyenivuta humu, akajibana kando yangu, akanisemesha kwa mara ya kwanza. Ameniambia, "Papa, nyamaza." Nami nimetii.